Kata ilipimwaje? Kisa cha alama 0.18

Kata ninayoisema si ile ya diwani. Ni karate unayopigana na mtu asiyeonekana, majaji wakikutazama; mwaka 2021 walikuwa saba. Wakati huo ufundi, yaani misimamo, mapigo na pumzi, ulibeba asilimia 70; nguvu, kasi na kutoyumba, asilimia 30. Kwa kila kigezo, alama mbili za juu na mbili za chini zilitupwa, jaji mmoja asije akakubeba au kukuonea. Tatu zilizobaki ndizo zilizohesabiwa.

Kiyou Shimizu wa Japani alikuwa bingwa wa dunia 2014, akiwa na miaka 20 tu, akarudia 2016. Fainali ya Olimpiki Tokyo, 2021, kwao kabisa: Sandra Sánchez wa Hispania 28.06, yeye 27.88. Paris 2024, karate haikuwemo. Sasa unaona uzito wa 0.18?