Paukwa bila pakawa

Makanga wa matatu ziendazo Kisauni hulitaja jina la Kengeleni kutwa kucha. Abiria hushuka, hununua mahamri, huenda zao. Ni wachache wanaoinua macho kuitazama ile kengele iliyokipa kituo hicho jina lake. Msimamishe kijana mmoja hapo, umwulize kengele hii ilikuwa ya nini. Huenda akakujibu kuwa ilikuwa ya kanisa, kisha akatazama saa.

Lakini kijana huyo huyo mwulize habari za Rambo. Atakueleza alivyoshikwa, alivyofungwa, alivyotoroka na nani aliyemsaliti, tena atakueleza kwa mikono na kwa macho. Vita vya Vietnam viliisha mwaka 1975, kabla hajazaliwa, na msitu ule hajapata kuuona. Frere Town iko chini ya viatu vyake.

Kwa nini basi hadithi ya mbali humwingia mtu moyoni, na ya karibu ikampita kama gari lisilosimama? Wengi husema ni fedha: Marekani wanazo za kutengenezea picha, sisi hatuna. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Pwani hii imekwisha kutoa wasimuliaji waliofaulu bila fedha, na wenye fedha wameshindwa hapa hapa. Naona tofauti iko katika jambo moja ambalo bibi zetu walilijua vyema: ukisema paukwa, ungoje pakawa. Msimulizi asiyengoja kuitikiwa hujisimulia mwenyewe.

BABA ALIJIBU, MWANA AKAULIZA

Frere Town ilianzishwa na misheni ya Church Missionary Society mwaka 1875, iwe makao ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Kengele ilipigwa kuwaonya watu kwamba washika watumwa wanakuja. Katika jamii hiyo alitoka James Juma Mbotela, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kilisomwa sana mashuleni.

Mahali mwandishi anaposimulia kukamatwa kwa watu, mwendo wa kuja pwani na taabu za jahazini, kitabu hicho humshika msomaji mpaka mwisho. Lakini kina udhaifu wake. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na kila swali limekwisha kupewa jawabu: huyu ni mwema, huyu ni mbaya, huyu ndiye wa kushukuriwa. Mzee wa Kisauni ambaye babu yake hakuwa na jahazi wala mtumwa, ila alivaa kanzu kama wale wanaolaumiwa, ataingilia mlango gani katika hadithi hiyo? Hakuachiwa nafasi. Hufunga kitabu akanyamaza, na hadithi ikabaki ya upande mmoja wa barabara.

Mwana wa mwandishi huyo, Leonard Mambo Mbotela, alizaliwa Frere Town mwaka 1940. Umaarufu wake ulitokana na maikrofoni. Mwaka 1966 alianzisha katika Sauti ya Kenya kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kikadumu zaidi ya miaka hamsini. Alifariki Februari 2025, na wapo Wakenya wasiowahi kumwona uso ambao walihisi wamefiwa na mtu wa nyumbani.

Tukitazame kipindi kile kilivyojengwa. Kwanza kisa kidogo: mtu aliyekosa adabu mbele za watu, pengine basini, pengine msibani, pengine mezani kwa watu. Kisha swali. Jawabu aliachiwa msikilizaji, naye alilitoa jikoni, kazini na barazani, mpaka jina la kipindi likawa msemo wa kila mtu. Ukikanyagwa mguu katika feri ya Likoni na aliyekukanyaga asigeuke, neno lililo karibu zaidi na ulimi ni lile lile la Mbotela.

Na neno lenyewe lina uzito wake. Zamani katika pwani hii, mwungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Ungwana ulikuwa nyumba, na watu wa Frere Town walihesabiwa kuwa wa nje. Kisha mtu wa ukoo wa hao hao akaketi mbele ya maikrofoni, akaiuliza nchi nzima kama mwenendo wake ni wa kiungwana. Baba alisimulia jinsi wazee walivyofunguliwa minyororo. Mwana hakuitaja minyororo, alishika mizani. Kwa maneno manne alisema jambo ambalo filamu ya saa mbili ingeweza kulikosa.

Nguvu ya sauti hiyo waliijua hata waasi. Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, hawakutosheka kuiteka stesheni ya redio. Walimfuata Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakamlazimisha atangaze yeye. Mitambo walikuwa nayo na maneno walikuwa nayo. Walichokosa ni msimulizi ambaye watu wamezoea kumwitikia.

PICHA NZURI, HADITHI HAKUNA

Redio iliingia hata nyumba za makuti. Sinema ilikuwa ya kusafiria. Majumba yaliyosifika, kama Regal, Majestic na Naaz, yalikuwa kisiwani. Mtu wa Likoni alipanda feri, wa Changamwe alipita Makupa, wa Kisauni alivuka lile daraja la Nyali lililoelea majini tangu 1931 mpaka la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Na baada ya taabu hiyo yote, mara nyingi alitazama picha ya Kihindi asiyoelewa hata neno moja.

Lakini alilia palipostahili kilio. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ni habari ya kijana aliyekataliwa na baba yake kabla hajazaliwa. Mother India ya 1957 ni mama, watoto, shamba na deni la mkopeshaji. Deni, baba mkali na heshima ya ukoo havihitaji mkalimani Likoni. Hadithi ilimwachia mtazamaji mahali pa kuweka maisha yake mwenyewe, naye akayaweka.

Kinyume chake ni picha zilizotengenezwa makusudi kwa ajili yetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza walitengeneza picha fupi zipatazo 35 za kumfundisha Mwafrika mambo ya afya, kilimo na kuweka akiba, zikatembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Wataalamu wengi wa zama hizo waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha iendayo upesi. Basi picha zikaenda pole pole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Watu walikuja kutazama kwa kuwa picha ziendazo zilikuwa ajabu. Lakini msimulizi anayemdhania msikilizaji wake kuwa mjinga hawezi kumngoja aitike, kwa maana haamini kwamba ana la kuitika.

Tusijidanganye kwamba kosa hilo lilikwenda na mkoloni. Picha ngapi zimepigwa katika pwani hii zenye mnazi, ngalawa na jua linalozama, huku mwenyeji akipita nyuma amebeba sinia? Na sisi wenyewe tuna yetu. Iko michezo ya televisheni inayomvika mwigizaji buibui au kofia ya viua, ikamkalisha penye makochi yenye nakshi za dhahabu, ikamtia "yakhe" katika kila sentensi, ikadhani imekwisha kuleta Mombasa. Mtu wa Changamwe, ambaye jirani yake wa kulia ni Mtaita, wa kushoto Mjaluo, na mwenye nyumba Mgiriama, hutazama akatafuta mtaa wake asiuone. Mavazi si hadithi. Hata upepo wa bahari si hadithi.

WALI NA PILAU

Ingia sasa katika kibanda cha video, vile vilivyoenea Kisauni, Likoni na Changamwe: mabati, mabenchi, televisheni moja mbele na pazia zito mlangoni. Picha ni ya Hong Kong au ya Marekani, lakini anayesema ni wa kwetu. Ni DJ Afro, ambaye jina lake hasa ni James Muigai. Huifunika sauti ya picha kwa sauti yake, akasimulia mwanzo hadi mwisho. Kiswahili chake si cha Mvita, kimechanganyika na sheng ya bara, wala watu wa Mvita hawajamkana.

Afanya nini mtu huyu? Humwonya staringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Humcheka adui. Hueleza kwa nini mzee huyu amekasirika na binti huyu analia, na pasipo na sababu huitunga. Benchi zima humjibu, wengine wakibishana naye ingawa sauti yake imerekodiwa siku nyingi na hawezi kuwasikia. Msomaji, huko ndiko paukwa na pakawa zilikokimbilia.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Dar es Salaam alisifika marehemu Lufufu kwa kazi hiyo hiyo. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimuliaji wa Tanzania, ameifananisha kazi yao na kugeuza wali kuwa pilau. Hata Wajapani, enzi za picha bubu, walikuwa na wasimuliaji walioitwa benshi, na wapo watu waliolipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya picha.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba pilau ikizidi bizari haiendi kinywani. Iko picha ambayo mwenyewe alitaka tukae kimya tusikie mlango ukilia na moyo ukidunda. Msimulizi akiupita ukimya huo na mizaha, ameiba. Na mwenye picha naye ana malalamiko yake, kwani kazi yake huuzwa vichochoroni bila yeye kuonja hata senti. Hata hivyo funzo linabaki. Picha ile ile ambayo ingempita kijana wa Magongo, humwingia pindi apatikanapo mtu wa kumsemesha.

HESABU HAIITIKIWI

Magazeti nasi hatujanusurika. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe iliyokuwa ikiwavusha watu asubuhi kuelekea kisiwani ilipinduka, imepakia kupita kiasi. Walikufa watu 272. Kila taarifa ya ajali hiyo huanza na hesabu hiyo, na ni haki itajwe. Lakini ukiambiwa 272 utatikisa kichwa na kunyamaza. Ukiambiwa habari za mtu mmoja, alichokuwa akikiwahi mjini na neno la mwisho alilomwambia mkewe mlangoni, utauliza: kisha? Neno hilo "kisha" ndilo pakawa ya siku hizi. Habari isiyomfanya msomaji aliseme imehesabu watu bila kuwasimulia.

Waliojaribu kumrudishia mtazamaji zamu yake wapo. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Watatu, ya kundi la SAFE Kenya, chini ya uongozi wa Nick Reding. Ni kisa cha Mombasa, cha kijana anayevutwa na wenye siasa kali, jambo lililoziumiza familia za Likoni na Kisauni. Wangeweza kuhubiri, kama picha za Vugiri. Lakini hadithi ikifika mwisho wake mbaya, watazamaji huingizwa ndani ya mchezo: ungekuwa wewe, ungesema nini, na ungesema wakati gani ili mambo yasifike hapa? Mtu wa mtaani husimama akajaribu. Aliyejaribu mwenyewe kumzuia kijana kwa maneno, akaona yalivyo magumu, harudi nyumbani na hekaya ya mtu mwingine.

Turudi Kengeleni. Kuna siku atatokea mtu na kamera atake kuisimulia Frere Town, nami namwomba asianze na manowari wala mavazi ya kukodi. Aanze usiku mmoja, mlangoni. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia katika misheni, wenye mashamba wakija kuwadai kwa silaha, na wamisheni wenyewe wakibishana kama wawapokee au wawarudishe. Ndani ya nyumba yuko mtu aliyeokolewa baharini, uhuru wake hauna shaka. Nje yuko mtoro asiye na cheti wala mtetezi. Akimfungulia, huenda kengele ikalia kwa ajili ya mji mzima. Asipomfungulia, atajiita mwungwana kwa kipimo gani?

Hapo msimulizi anyamaze kidogo, amtazame yule kijana wa matatu, angoje.