Ugumu wa kumpima Rod Laver
Rod Laver wa Australia ndiye mwanamume pekee aliyetwaa mara mbili mataji yote manne makubwa ya tenisi ndani ya mwaka mmoja: 1962 na 1969. Katikati aligeukia tenisi ya kulipwa, na hadi 1968 mashindano hayo yaliwapokea wachezaji wa ridhaa tu. Ndiyo maana alimaliza na mataji makubwa 11, huku Novak Djokovic akiwa na 24. Björn Borg naye ana 11, lakini mashindano ya Australia aliyacheza mara moja tu, mwaka 1974, enzi ambayo nyota wengi hawakuyapa uzito. Idadi ya mataji peke yake haitoshi. Haki ni kumpima kila bingwa kwa wapinzani na nafasi za zama zake.