Mbegu Mahakamani: Wakulima Wadogo wa Kenya na Vita vya GMO

Upinzani dhidi ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yanayojulikana zaidi kama GMO, umebebwa nchini Kenya na wakulima wadogo pamoja na vyama vyao. Mstari wa mbele kuna Kenyan Peasants League, chama kilicho ndani ya vuguvugu la kimataifa la wakulima la La Via Campesina. Bega kwa bega nacho wamesimama watetezi wa bioanuwai, mawakili na vikundi vya kuhifadhi mbegu za kienyeji. Hoja zao hazina uzito mmoja, na anayetaka kuwaelewa hana budi kuzichambua moja moja.

Zao la GMO hupatikana kwa kubadilisha vinasaba vyake maabarani, mara nyingi kwa kuingiza jeni ya kiumbe kingine. Mahindi ya Bt, yaliyozua mabishano makali Kenya, yana jeni iliyotolewa kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayowaua viwavi waharibifu, akiwamo bungua wa mahindi. Mbegu chotara ambazo Wakenya wamekuwa wakizinunua madukani tangu miaka ya 1960 ni kitu kingine kabisa: hizo huzalishwa kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa aina nyingine. Katika mikutano ya hadhara mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, na mchanganyiko huo huwadhuru wanaharakati wenyewe, kwa kuwa mpinzani wao hupata jibu rahisi.

Hoja ya afya ndiyo iliyosikika kwanza. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, ingawa tayari kulikuwa na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mamlaka maalumu ya kuisimamia. Kilichochochea uamuzi huo ni utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo walipata uvimbe. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha liliuondoa: panya walikuwa wachache mno, tena wa ukoo unaopata uvimbe kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyopita ukaguzi na kuingia sokoni havielekei kuleta hatari kwa afya ya binadamu. Marufuku iliyodumu takriban miaka 10 ilisimama, basi, juu ya msingi dhaifu.

Hoja iliyo na mashiko ni ya nani anaamua. Tarehe 3 Oktoba 2022, ukame mkali ukiwa umeikumba nchi, Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku. Mwezi uliofuata Moses Kuria, waziri wa biashara, alisema kwamba Kenya ina mambo mengi yanayoweza kumuua mtu, na kuongeza GMO katika orodha hiyo si neno. Wananchi walighadhabika, na walikuwa na haki. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi ya umma, na chakula ni jambo la umma kuliko mengi.

Tanzania suala kama hilo lilikatwa na serikali yenyewe: mwaka 2018 iliamuru majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, yasimamishwe. Kenya njia ilikuwa mahakama. Wakili Paul Mwangi na Kenyan Peasants League walifungua kesi, na Novemba 2022 Mahakama Kuu ikasitisha uagizaji kwa muda. Novemba 2024 mahakama hiyo ilitupilia mbali madai yao. Wakulima wakakata rufaa, na tarehe 7 Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru uagizaji na upandaji usimame hadi rufaa iamuliwe.

Nyuma ya kesi hizo kuna suala la zamani zaidi, nalo ni umiliki wa mbegu. Katika vijiji vingi mwanamke huchagua mahindi bora wakati wa mavuno, huyaning'iniza juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu, na msimu ukifika humgawia jirani. Mbegu ya GMO inayolindwa kwa hataza haikubali desturi hiyo. Ila si hataza peke yake iliyoitishia. Sheria ya Kenya ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilimtishia mwenye kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Yote hayo wakati Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu za asili.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vipengele vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hukumu hiyo, kumpa jirani gorogoro la maharagwe ya mbegu si kosa la jinai tena.