Somo la Malezi: Mwili, Akili na Moyo wa Mtoto



Leo tutazungumza juu ya makuzi ya mtoto. Labda mama mmoja atasema, “Mimi nimezaa watoto sita na wote wamekua. Nitafundishwa nini tena?” Neno lake ni la haki. Hapa Nyashimo, na Busega nzima, watu walilea watoto vizuri kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Lakini mkulima wa pamba hasemi tu kwamba pamba huota. Anajua wakati wa kupanda, wakati wa kupalilia na wakati wa kungoja. Vivyo hivyo mzazi yafaa ajue wakati wa kumsaidia mtoto, wakati wa kumngoja, na wakati wa kumpeleka kwa mganga wa zahanati bila kukawia.

Kwanza nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza, palikuwa na mtoto mmoja aliyenishinda. Nikiandika ubaoni 10 kutoa 3, hunyamaza na kuinamisha kichwa. Nilimwona mvivu. Nilimchapa, nikamwita mjinga mbele ya wenzake. Jumamosi moja nilikwenda sokoni kununua samaki, nikamkuta mtoto yule amekaa mahali pa mama yake. Samaki walikuwa wa shilingi elfu saba. Nilimpa noti ya elfu kumi, naye mara moja akanirudishia elfu tatu kamili. Hesabu ya namna ile ile! Nilirudi nyumbani nimeona haya. Basi somo la leo ni kwa ajili ya mtoto kama huyo, na kwa mtu mzima kama mimi niliyemhukumu pasipo kumjua.

MWILI

Mtoto mwenye afya hukua upesi sana mwaka wa kwanza. Akifika miezi mitano hivi, uzito wake huwa karibu mara mbili ya ule aliozaliwa nao, na akitimiza mwaka huwa karibu mara tatu. Ubongo nao hukimbia: mtoto wa miaka miwili ubongo wake umekwisha fikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo njaa ya miaka hiyo haidhuru miguu na mikono tu, bali hata akili. Wataalamu wa afya hutuagiza kumpa mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Baadaye aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Nasi twakaa kando ya ziwa; dagaa waliosagwa vizuri na kutiwa katika uji ni chakula bora kwa mtoto aliyevuka miezi sita.

Mwili hufuata utaratibu. Shingo hukaza kwanza, kisha mgongo, kisha miguu. Lakini watoto hawafiki siku moja. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya wa nchi mbalimbali, zikiwamo Ghana, Oman na Norway. Ilionekana kwamba wengine hutembea peke yao wakiwa na miezi 8 tu, na wengine hungoja hata karibu miezi 18, nao wote ni wazima. Basi mama, ikiwa mtoto wako wa miezi 13 bado anashika ukuta na wa jirani anakimbia, usihuzunike. Lakini akipita miezi 18 hajatembea, au akipoteza jambo alilokuwa akiliweza, au asipogeuka anaposikia sauti, usimwachie bibi peke yake shauri hilo. Mpeleke zahanati.

Je, mwili hukua wenyewe tu kama mti wa porini? Sivyo kabisa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Charles Super, alichunguza watoto wachanga wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, Kenya. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Zamani wataalamu wengine walidhani ni jambo la damu ya Kiafrika. Super akaona sababu nyingine: mama wa Kokwet huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Humkalisha mtoto katika kishimo kidogo ardhini na kumzungushia nguo asianguke, au humshika mikono apige hatua. Na kutambaa je? Kutambaa hawakufundishi, nako katika kutambaa watoto wale hawakuwatangulia wenzao. Mwaona, mabibi na mabwana: hata kazi ya miguu hupata msaada wa mikono ya mzazi.

AKILI

Sasa tuje kwenye akili. Mtu aliyesifika sana katika elimu hii ni Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1896 akafa mwaka 1980. Piaget aliwachunguza hata watoto wake mwenyewe. Neno lake kubwa ni kwamba mtoto si mtu mzima mdogo mwenye maarifa machache. Mtoto hufikiri kwa namna yake, na namna hiyo hubadilika kwa hatua.

Tangu kuzaliwa hata miaka miwili, mtoto hujifunza kwa kushika, kutazama na kutia vitu kinywani. Tangu miaka miwili hata saba hivi hupata maneno na michezo ya kuigiza. Kijiti huwa ng’ombe, na kopo huwa gari la Mwanza. Tangu saba hata kumi na moja huanza kufikiri kwa utaratibu juu ya vitu anavyoviona. Baadaye huweza kufikiri hata juu ya mambo yasiyoonekana.

Mwaweza kulijaribu jambo hili nyumbani leo. Chukua vikombe viwili vilivyo sawa, uvijaze maji sawasawa. Mwulize mtoto wa miaka mitano kama maji ni sawa, atakubali. Kisha, mbele ya macho yake, mimina maji ya kikombe kimoja katika chupa nyembamba. Watoto wengi wa umri huo watasema ya chupa ni mengi, kwa kuwa yamepanda juu. Usimcheke wala usimkemee. Hakudanganyi. Hivyo ndivyo anavyoona, na fimbo haiwezi kumvusha hatua hiyo.

Lakini wataalamu waliokuja baadaye walimsahihisha Piaget. Walionyesha kwamba mtoto huweza mengi zaidi akiulizwa kwa vitu anavyovizoea. Mwaka 1979 Robert Serpell alitoa habari za watoto wa Zambia na wa Uingereza waliopewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa nyaya, watoto wa Zambia walishinda, maana wamezoea kutengeneza magari ya waya. Ni nani basi mwenye akili? Wote wanazo. Kila mmoja alionyesha akili yake pale mikono yake ilipozoea. Hapo nilimkumbuka mtoto wangu wa sokoni.

Mwingine aliyetusaidia ni Lev Vygotsky wa Urusi, aliyekufa mwaka 1934. Yeye alifundisha kwamba jambo ambalo mtoto huliweza leo kwa msaada, kesho ataliweza peke yake. Kwa hiyo mwalimu asiulize tu, “Mtoto huyu anajua nini?” Aulize pia, “Nikimshika mkono kidogo, atafika wapi?”

Jumatatu ile nilimwita mtoto yule, nikampa vizibo kumi vya soda. Nikamwambia, “Hawa ni samaki wako kumi. Mimi nanunua watatu.” Akanisukumia vitatu, akasema, “Wamebaki saba.” Nikaandika maneno yake ubaoni kwa tarakimu, yeye akitazama. Baada ya siku chache alizisoma tarakimu zile bila vizibo. Akili ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni daraja la kutoka sokoni mpaka ubaoni, na daraja hilo lilikuwa kazi yangu kulijenga.

MOYO

Lakini nisiwafiche: hesabu aliipata upesi, ujasiri haukurudi upesi. Kwa muda mrefu kila nilipomkaribia aliinua mabega kama mtu angojaye kupigwa. Hapa twafika kwenye makuzi ya moyo, nayo habari yake kubwa ilianzia jirani zetu, ng’ambo ya ziwa hili hili.

Mwaka 1954 mwanamke mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Uganda. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya mtoto kutengwa na mama yake. Karibu na Kampala, Bi Ainsworth aliwatembelea mara kwa mara mama 26 wa Kiganda na watoto wao wachanga 28, akikaa nao nyumbani na kutazama. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona mtoto akitambaa mbali na mama yake kwenda kuchungua chombo au mgeni, halafu akigeuka kumtazama mama, au akirudi kumgusa, kisha akienda tena. Mama alikuwa kwake kama bandari kwa mtumbwi. Mvuvi ajuaye kwamba bandari ipo huthubutu kwenda mbali. Asiye na hakika hukaa karibu na pwani. Tena aliona kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa mama waliojua habari za watoto wao kinaganaga: alilia kwa nini, alicheka lini, anapenda nini. Ndugu wengine wa nyumba walisaidia kulea, na jambo hilo halikuwazuia watoto kushikamana na mama zao.

Hapa kwetu mama huenda shambani au kuanika dagaa, na mtoto hubaki na dada yake au bibi. Hilo si kosa. Shida huja ikiwa mlezi hubadilika kila siku, au mlezi ni mtoto mdogo kupita kiasi, au mtoto hulia na hakuna anayemjibu. Wengine husema, “Ukimbeba kila akilia utamdekeza.” Kwa mtoto mchanga sivyo. Anayejibiwa hujifunza kwamba watu hutumainika, na kutokana na tumaini hilo hupata ushujaa wa kujifunza.

TUFANYE NINI

Mwezi Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hata miaka 8. Inataja mambo matano yaendayo pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye kumwitikia mtoto, nafasi ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mengi ya hayo hayangoji fedha. Ongea na mtoto unapomwogesha. Mtaje jina la kila kitu mnachopita njiani. Mpe mahindi ahesabu. Baba naye asiwaachie mama kazi hii. Hadithi na vitendawili vya jioni ni shule. Na mtoto akishindwa jambo, kabla ya kumwita mjinga, jiulize kama umemwuliza kwa njia anayoijua.

Mwili, akili na moyo si mizigo mitatu inayobebwa safari mbalimbali. Mtoto mwenye njaa hasikii somo, na mtoto mwenye hofu hata analolijua hulisahau.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wazee wetu walitumia michezo gani kumfundisha mtoto kukaa, kutembea na kuhesabu?
2. Mwulizeni mtoto wa miaka mitano na mwingine wa miaka minane swali la maji na chupa. Majibu yao yanatofautianaje?
3. Mama anapokuwa kazini, ni nani hapa kijijini hukaa na watoto wachanga? Twaweza kumsaidia namna gani?
4. Je, yupo mtoto mnayemjua aitwaye mjinga, naye kuna kazi anayoiweza vizuri? Ni kazi gani?

Kwaherini, na Mungu awalinde watoto wetu.