Kabla ya kuinua pikapu mpya, pima mzigo wako

MWENYE pikapu mpya aghalabu hamalizi mwezi bila kuwazia kuiinua. Tamaa hiyo ina msingi. Anayesafiri kati ya Maralal na Baragoi, au anayetoa viazi shambani Nyandarua wakati wa masika, anajua jinsi tumbo la gari linavyokwaruzwa na mawe na kunaswa na udongo mweusi. Lakini wapo pia wanaoinua kwa sababu jirani ameinua lake, na hao ndio hupoteza pesa nyingi zaidi.

Kwanza ieleweke kwamba kuinua gari si kuinua kila kitu kilicho chini yake. Pikapu nyingi zinazouzwa humu nchini, zikiwemo Toyota Hilux na Isuzu D-Max, zina ekseli nzima nyuma inayobeba springi za mabamba. Hata ukiweka springi ndefu kiasi gani, difu, lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli, hubaki pale pale lilipokuwa likisubiri jiwe. Kinachoiinua ni tairi kubwa pekee, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Ukitoka tairi ya 265/65R17 ukaweka 265/70R17, kipenyo huongezeka kwa milimita 26 hivi, na difu huinuka milimita 13. Aidha, kipimamwendo huanza kudanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 83.

Springi huinua chesisi na tangi la mafuta, na kulisaidia gari kuingia na kutoka mtaroni bila kugonga.

Mbele mambo ni tofauti. Kila gurudumu lina springi yake ya koili, na katika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, shafti mbili fupi hupeleka nguvu pande zote mbili. Gari likiinuliwa, shafti hizo huinama zaidi, viungo vyake huchakaa, na mpira unaohifadhi grisi hupasuka mapema. Ndiyo maana mafundi waangalifu huishia sentimita 5. Anayetaka zaidi hulazimika kubadilisha mikono ya juu inayoshika magurudumu, na gharama hupanda huku manufaa yakipungua.

Dukani utaonyeshwa njia mbili. Ya bei nafuu ni kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi ile ile ya kiwandani. Gari litapendeza, lakini springi haijaongezewa nguvu yoyote, na shokomzoba itafika mwisho wa mwendo wake kila gurudumu linapotumbukia shimoni. Kwa barabara zetu, hizo ni pesa za kutupa.

Njia ya pili ni seti kamili ya springi na shokomzoba zilizobuniwa kufanya kazi pamoja, kama zile za Old Man Emu za kampuni ya ARB ya Australia. Muuzaji anayejua kazi yake hataanza kwa kukuuliza unataka gari liwe juu kiasi gani, bali unabeba nini kila siku, kwani springi hizo huuzwa kwa viwango vya uzani. Aliyewekewa za kubeba kilo 300 za kudumu ilhali nyuma hubeba majembe na jerikani mbili, atarushwarushwa njia nzima, na gari litateleza kwenye matuta madogo ya murram kwa sababu magurudumu ya nyuma hayashiki ardhi. Basi peleka gari kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida kabla ya kununua chochote. Na springi nzito haikupi ruhusa ya kupita uzani uliowekwa na mtengenezaji. Chesisi, ekseli na breki ni zile zile.

Kufunga ni kazi ya siku moja kwa fundi aliye na vifaa. Springi ya koili iliyobanwa ina nguvu za kumuua mtu, hivyo ibanwe kwa kifaa chake maalum. Bolti za mikono zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si likiwa limening'inia kwenye jeki, la sivyo bushi zitararuka. Mipira ya breki ikaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Kisha magurudumu yalinganishwe, taa zishushwe zisiwapofushe wengine, na nati zote zikazwe tena baada ya kilomita 1,000.

Kuna kifaa kimoja ambacho ni rahisi kusahauliwa. Baadhi ya pikapu zina mkono mwembamba wa chuma unaounganisha ekseli ya nyuma na chesisi. Chesisi ikishuka kwa uzito wa mzigo, mkono huo huziongezea breki za nyuma nguvu, ikipanda, huzipunguzia. Ukiinua gari bila kuurekebisha, mfumo hudhani limekuwa tupu. Dereva anayeteremka Mai Mahiu na gunia juu ya gunia atakanyaga breki, na magurudumu ya nyuma hayatamsaidia inavyopaswa. Gari hilo pia hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, hasa likiwa na watu juu ya shehena.

Kabla fundi hajalegeza nati ya kwanza, muulize aliyekuuzia gari ni sehemu zipi zitapoteza dhamana, na akujibu kwa maandishi. Iarifu pia kampuni ya bima, vivyo hivyo kwa maandishi. Springi za kiwandani usizitupe. Atakayelinunua gari kutoka kwako huenda akazitaka.