Ngozi ya Mnyoo wa Kichocho: Ngao Yake na Udhaifu Wake

Mvuvi wa Ziwa Victoria anayemeza dawa ya kichocho, kisha akaugua tena baada ya miezi michache, hudhani kuwa dawa imeshindwa. Sehemu ya jibu la shaka yake imo katika ngozi ya mnyoo mwenyewe, ambayo hubadilika katika kila hatua ya ukuaji.

Yai linalotoka kwa kinyesi au mkojo wa mgonjwa huanguliwa katika maji baridi. Lava wa kwanza, mirasidia, amevikwa vinyweleo vya kuogelea, na baina yake mna vipokezi vya hisia vinavyomwongoza kumtafuta konokono. Ana saa chache tu, akimkosa, hufa.

Ndani ya konokono, mirasidia mmoja huzaa maelfu ya serkaria. Hawa wana mkia wenye ncha mbili, na tabaka la sukari huwakinga majini. Vipokezi vyao hutambua joto na mafuta ya ngozi ya binadamu. Wakiisha kuyahisi, humwaga vimeng'enya na kupenya ngozi kwa dakika chache.

Hapo serkaria hupoteza mkia na kuvua tabaka lile. Katika saa chache utando wake wa nje, uliokuwa mmoja, huwa maradufu. Baadaye hujipaka molekuli za mwenyeji wake, zikiwemo za makundi ya damu, hata kinga ya mwili ikampita bila kumtambua. Ndiyo maana huweza kuishi miaka mingi katika mishipa ya damu.

Prazikwanteli huvunja ngao hiyo. Kalsiamu humwingia mnyoo kwa wingi, misuli hukakamaa, ngozi hututumka na kupasuka, na kinga ya mwili humwona adui aliyejificha. Lakini mnyoo mchanga, wa wiki chache tangu kupenya, haathiriwi sana na dawa. Huokoka, akakomaa na kutaga mayai.

Basi, mhudumu wa afya amuulize mgonjwa aliingia majini lini. Kama ni hivi karibuni, huenda akahitaji dozi nyingine baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa naye ameze vidonge vyote alivyopimiwa kwa uzito wake, pamoja na chakula, atumie choo, na maji ya kuoga ayachemshe, au ayaweke siku 2 katika chombo kisicho na konokono. Serkaria asiyepata ngozi ya kupenya hafiki mbali.