Mabati ya ploti yako yana miaka mingapi?

Wenye ploti wengi wanajua kodi ya kila chumba hadi shilingi ya mwisho. Waulize paa liliezekwa mwaka gani, hapo kimya. Kampuni ya bima ikija kukagua nyumba ya kupangisha, hilo ni swali mojawapo utakaloulizwa, na jibu lake linaweza kukupandishia malipo ya mwaka.

Sababu si ngumu. Paa ndilo linalopigwa na jua, mvua na upepo kila siku. Mabati ya geji 32 ni membamba kuliko ya geji 28, na huchoka mapema. Ukiwa Mombasa, Kilifi au Lamu, hewa ya chumvi huyatafuna haraka kuliko kule Nakuru. Misumari ikilegea, upepo mmoja wa masika unatosha kung'oa bati zima, na chini yake kuna dari, nyaya za stima na vitu vya wapangaji. (Makuti ni hadithi nyingine: hata yakiwa mapya, hofu ya moto hufanya bima yake iwe ghali.)

Lakini sisi malipo ya juu hayatutishi sana. Kinachotutisha ni siku ya kudai fidia. Kwa kawaida bima ya nyumba hailipi uchakavu. Paa likivuja kwa sababu ya kutu, huo ni mzigo wako. Likiezuliwa na dhoruba, fidia inaweza kupunguzwa kulingana na umri wake, isipokuwa mkataba unasema utalipwa gharama ya kuezeka upya. Hapo soma vizuri, hata kama maandishi ni madogo. Na usidanganye umri wa paa ili ulipe kidogo. Dai lako linaweza kukataliwa lote.

Ukibadilisha mabati, weka ushahidi. Mlipe fundi na mwenye duka kwa simu, uhifadhi ujumbe. Ila ujumbe unaonyesha tu kwamba ulilipa, hauonyeshi ulinunua nini, kwa hivyo dai risiti yenye geji na idadi ya mabati, na upige picha za kabla na baada. Peleka vyote kwa bima kabla mkataba haujaisha, uwaombe wapige hesabu upya. Wakikataa, uliza bei kwingine.

Ada yenyewe ilipe kwa namba ya biashara ya kampuni ya bima, kamwe si kwa simu ya wakala. Pesa zikiishia mfukoni mwake, upepo utakukuta huna bima.